Juu ya Kukodi Basi na Dereva Wake kwa Safari za Chama
Maneno yaliyosemwa na Karani katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imetuagiza tuseme juu ya safari za Chama, na hasa juu ya jambo la kukodi basi pamoja na dereva wake. Huenda wengine wakashangaa kwamba habari za basi zimepewa nafasi kubwa namna hii, ilhali hesabu za fedha zimesomwa kwa robo saa tu. Lakini sisi tulio ofisini, tunaoandika barua na kutunza daftari, twaona kwamba hakuna kazi ya Chama iletayo manung'uniko mengi kama hii, wala hakuna nyingine ambayo kwa siku moja tunatia roho za watu hamsini mikononi mwa mtu mmoja, ambaye mara nyingi hata jina lake hatulijui.

Kusafiri kwa makundi si jambo geni kwetu. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya wazee wetu ng'ombe kwa kusema kwamba wamezidi na wanaharibu ardhi, umati wa watu wa Ukambani ulikwenda Nairobi kutaka kumwona Gavana, ukakaa huko majuma kadhaa. Muindi Mbingu, aliyewaongoza, alikamatwa akapelekwa Lamu. Na vyama vya msaada kama hiki chetu vilipoanzishwa mijini, kazi yao kubwa ilikuwa kumtazama mgonjwa, kumsaidia aliyekwama, na kumrudisha marehemu alale katika ardhi ya baba zake. Basi, tangu mwanzo, chama na safari vimekwenda pamoja. Leo tunakwenda mazishini, harusini, kwenye siku za kuwatazama watoto shuleni, kwenye mashindano ya kwaya, na safari ya matembezi mara moja kwa mwaka. Mwaka huu matembezi yalikuwa ya karibu, kwenye jiwe la Nzambani, kilomita chache tu kutoka mjini Kitui. Wasemao kwamba mwanamume akilizunguka jiwe hilo mara saba hugeuka mwanamke walikuwepo wengi, lakini tuliwahesabu abiria wakati wa kurudi, tukawakuta wanaume na wanawake ni idadi ile ile ya asubuhi.

Sasa tuingie katika maneno mazito.

Tarehe 4 Desemba 2021, siku ya Jumamosi, basi lililowachukua wanakwaya wa Kanisa Katoliki kutoka Mwingi lilikuwa likienda Nuu harusini. Lilikuwa basi la shule, lililokodiwa kwa siku ile. Njiani lilifika kwenye mto Enziu, na mto ulikuwa umejaa. Pale watu walikuwa wamesimama ng'amboni wakiangalia maji. Dereva alijaribu kuvuka. Maji yalilisukuma basi likatoka katika njia, likalala, likazama mbele ya macho ya watu. Waliokufa walikuwa zaidi ya 30, na miongoni mwao wamo watoto, na wamo watu wa nyumba moja waliokwenda pamoja. Wengine waliokolewa na wapiga mbizi na wanakijiji waliojitupa majini.

Hatusemi haya ili kumhukumu mtu. Walio hai na wafu wana Hakimu wao. Tunayasema kwa sababu kila tukio katika habari ile ni letu. Kwaya ni zetu. Harusi ya Desemba ni yetu. Basi la shule lililokodiwa kwa bei nafuu ni letu. Na mto wa mchanga, ambao miezi minane hauna hata maji ya kunywesha mbuzi, ni wetu. Tukijiuliza ni safari ipi ya Chama ambayo haikufanana na ile asubuhi ilipokuwa ikianza, jibu ni gumu.

Tafadhali tuangalie majira. Katika nchi yetu mvua za kutegemewa ni zile zinazoanza mwezi wa Oktoba na kufika Desemba, kuliko zile za Machi na Aprili. Mkulima anajua hivyo, ndiyo maana hupanda kwa moyo zaidi katika mvua za Oktoba. Lakini mwezi wa Desemba ndio mwezi ambao shule zimefungwa, wafanyakazi wamerudi kutoka Nairobi na Mombasa wakiwa na fedha kidogo, harusi zinafungwa, na kila kikundi kinataka basi. Yaani tumeuchagua mwezi ambao mito inajaa kuwa ndio mwezi wa kuvuka mito. Hatuwezi kuihamisha Krismasi, na harusi haziwezi kungojea ukame. Lakini twaweza kupanga safari tukijua jambo hilo.

Mito yetu ina hila nyingine. Mvua hunyesha vilimani, mbali, na maji hushuka saa kadhaa baadaye mahali ambapo mbingu ni nyeupe na jua linawaka. Msafiri huyaona maji mekundu, akadhani yatapungua mara. Tena penye drifti, yaani ile njia ya saruji iliyolazwa chini mtoni, mtu haoni kama saruji bado ipo au imebomolewa na maji usiku. Madereva wengi huamini kwamba basi ni zito, kwa hiyo haliwezi kuchukuliwa. Hapo ndipo hesabu inapowapotosha. Basi ni sanduku kubwa lenye hewa ndani. Maji yakipanda mpaka kwenye sakafu, uzito wake juu ya tairi hupungua, na ubavu wake mrefu unapokea nguvu yote ya mto kama tanga linavyopokea upepo. Lori lililojaa mchanga laweza kupita mahali ambapo basi lenye watu halipiti. Kwa hiyo kuona lori limevuka si ruhusa ya basi kuvuka.

Kwa ajili hiyo Kamati inaomba mkutano huu ukubali sharti moja ambalo litaandikwa katika kila karatasi ya mapatano: kwamba basi la Chama halitaingia katika maji yanayokwenda juu ya barabara, hata yakiwa ya kufika kifundo cha mguu, na kwamba mwenye basi hatadai fidia kwa sababu safari imesimama au imerudi. Maneno haya ya mwisho ndiyo yenye thamani. Dereva aliyeahidiwa malipo akifika tu, na ambaye tajiri wake anamngoja na basi jioni kwa kazi nyingine, atavuka. Dereva anayejua kwamba atalipwa sawasawa hata akigeuza atageuza.

Tumesikia pia ubishi juu ya mabasi ya shule. Wanachama wengi wanayapenda kwa kuwa bei yake ni ndogo, na mwalimu mkuu ni mtu tunayemfahamu. Hatukatai kwamba shule nyingi huyatunza mabasi yao vizuri kuliko matajiri wengine. Shida ipo katika bima. Basi la shule kwa kawaida hukatiwa bima kwa kazi ya shule. Basi la abiria hukatiwa bima ya kuchukua watu kwa malipo. Hizo ni bima mbili mbalimbali. Endapo basi la shule litawachukua watu wengine kwa fedha na likaanguka, kampuni ya bima yaweza kusema kwamba kazi hiyo haikuwamo katika mapatano yake, nao wajane wataanza safari nyingine ya mahakamani ambayo ni ndefu kuliko ya Mombasa. Na hata bima ikiwa sawa, sheria ya bima ya magari imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa madai ya mtu mmoja aliyeumia au kufa. Mtu aliyevunjika mgongo akiwa na umri wa miaka 25 anajua kwamba fedha hizo hazimfikishi mbali. Basi, kabla ya kuuliza bei, tuulize bima ni ya kazi gani. Na tusiridhike na kuambiwa kwa mdomo, bali tusome karatasi yenyewe.

Karatasi nyingine ni chache, wala haihitaji elimu kubwa kuzitazama. Gari la abiria liwe na leseni yake ya barabara kutoka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na liwe na cheti cha kukaguliwa ambacho tarehe yake haijapita. Dereva awe na leseni ya daraja la gari lenyewe. Kwa sheria za siku hizi, leseni ya D1 ni ya gari dogo la abiria hadi 14, D2 ni ya basi dogo hadi abiria 32, na D3 ni ya basi kubwa la abiria 33 au zaidi. Tumewahi kuletewa dereva mwenye leseni ya basi dogo, naye akiwa amekalia usukani wa basi la watu 51. Tulipomwuliza, tajiri wake alijibu kwa simu kwamba usukani ni usukani. Tulikataa, wasafiri wakachelewa saa mbili mpaka dereva mwingine alipopatikana, na manung'uniko yaliyotupata siku hiyo yameandikwa katika daftari kwa yeyote apendaye kuyasoma.

Mikanda ya viti na kifaa cha kuzuia mwendo, ambacho watu wote hukiita spidi gavana, viliingizwa kwa nguvu mwaka 2004 kwa amri za Waziri wa Usafiri wa wakati ule, marehemu John Michuki, na mwendo wa magari ya abiria ukawekewa mpaka wa kilomita 80 kwa saa. Wazee wanakumbuka jinsi magari yalivyotoweka barabarani siku zile, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na bado wengi wakasema Michuki amefanya vema. Leo mikanda mingi imefichwa chini ya viti, au imekatwa, au imefungwa fundo kwa sababu inamchafua mtu nguo. Mwanachama anayevaa suti nyeupe ya harusi na aje na kitambaa aufute mkanda.

Sasa dereva mwenyewe. Sheria ya Trafiki inasema kwamba mtu asiendeshe gari la abiria zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Wengi hawaijui sheria hii, na wengine wanaijua lakini wanadhani ni ya polisi na tajiri, si ya abiria. Na tuifanyie hesabu safari ambayo vijana wetu wameiomba, ya kutoka Kitui kwenda Mombasa asubuhi na kurudi usiku wa siku ile ile. Barabara ya Kitui kupitia Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa vumbi na mashimo, sasa ina lami. Huko Kibwezi tunaingia barabara kuu, tunapita Mtito Andei na Voi mpaka Pwani. Jumla ni zaidi ya kilomita 400. Hata kama dereva angekwenda kilomita 80 kila saa bila kusimama kwa chai, wala kwa haja, wala nyuma ya lori lolote, angetumia saa 5 kwenda na 5 kurudi, nazo ni 10. Safari hiyo haiwezekani kwa dereva mmoja bila kuivunja sheria, na mtu awaye yote anayeahidi kwamba inawezekana anauza usingizi wa dereva. Ama tulipie madereva wawili, ama tulale Mombasa usiku mmoja. Kwa wenzetu wa upande wa Makueni tunaongeza kwamba tangu mwaka 2017 kuna reli mpya, na treni ya abiria inayosimama vituoni husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Kikundi cha watu ishirini hakina haja ya basi la kwenda Mombasa. Kinahitaji tiketi na mtu wa kuamka mapema.

Jambo la kulala lina upande wake wa ubinadamu, nalo hatupendi kulipita upesi. Mara ngapi tumefika mazishini au harusini, wageni wakaingia ndani, wakala, wakaimba, na dereva akabaki katika basi, juani, na chupa ya soda? Jioni tunamwamsha atupeleke nyumbani. Mama zetu ndio waliolitambua neno hili kwanza, si Kamati. Waliuliza mbona yule kijana aliyetuleta hakupewa sahani. Tangu hapo, katika hesabu ya kila safari pana chakula cha dereva na cha taniboi wake, na panatafutwa mahali pa kivuli ambapo dereva aweza kunyosha mwili wake kwa saa mbili. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya tairi moja. Na pombe yoyote, hata ile ya heshima inayomiminwa na mwenye nyumba, isimfikie. Mzee mmoja alisema kumnyima mgeni ni aibu. Tunamjibu kwa adabu kwamba mwenyeji na amwekee dereva sehemu yake katika kibuyu, aichukue akiisha kulipeleka gari kwao.

Kuhusu fedha tutasema machache, kwa maana wanachama wanalijua tatizo. Watu sitini hujiandikisha. Asubuhi ya safari hutokea thelathini na wanane. Na basi lilikodiwa kwa hesabu ya sitini. Waliokuja hulazimishwa kulipia viti vitupu, ama Chama hutoa katika mfuko wa wagonjwa. Kinyume chake nacho hutokea: watu arobaini hujiandikisha, basi dogo likakodiwa, kisha wanakuja wote na shemeji zao, wakasimama katikati kama magunia. Kamati imeazimia kwamba anayetaka kiti atoe arbuni ya nusu ya nauli majuma mawili kabla, apewe risiti yenye namba ya kiti, na asiyekuwa na namba asipande, hata akiwa ni ndugu wa Mwenyekiti. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyetaka maneno hayo ya mwisho yaandikwe.

Kwa mwenye basi tutalipa sehemu moja tunapoandikiana na sehemu ya pili tunaporudi salama. Katika karatasi paandikwe nani anatia mafuta, saa ya kuondoka na saa ya kurudi, njia itakayopitwa, namba ya gari lenyewe, na neno kwamba gari jingine halitaletwa badala yake bila sisi kukubali. Hilo la mwisho lina sababu. Kuna matajiri wanaoonyesha basi jipya siku ya kupatana, na siku ya safari huleta lile ambalo breki zake hulia kama fisi.

Kila safari itakuwa na mkuu wake mmoja, mwanamume au mwanamke, atakayetajwa na Kamati kabla ya basi kuondoka. Neno lake juu ya kusimama, kurudi, au kulala njiani ndilo la mwisho. Hapa tunawaomba wazee watusaidie. Mara nyingi anayemsukuma dereva avuke, au aongeze mwendo, si kijana mlevi wa kiti cha nyuma. Ni mtu mzima mwenye heshima aliye mbele, anayesema kwamba bibi harusi anangoja, au kwamba kuhani hatakaa. Dereva ni kijana, naye amelelewa kumtii mzee. Mkuu wa safari akiwa mwalimu wa kike wa miaka thelathini, je, mzee atakubali kuambiwa naye kwamba leo hatuvuki? Tungependa jibu litoke kwa wazee wenyewe, hapa, mbele ya watu, ili siku ile itakapokuja pasiwe na ubishi kando ya mto.

Limebaki neno la usiku, nalo ndilo ambalo Kamati haikupatana. Wengine husema kwamba maiti akitoka katika chumba cha maiti Nairobi alasiri, ni lazima tusafiri usiku tufike nyumbani alfajiri, kwa kuwa ndivyo tulivyofanya siku zote na marehemu hawezi kulala njiani. Wengine hutaja barabara ya Mombasa tangu Salama hadi Sultan Hamud na Emali, jinsi malori yanavyofuatana gizani, mengine yamekufa barabarani bila taa wala tawi la mti nyuma yake, na madereva waliokesha siku mbili. Sisi wa ofisini tunaona kwamba wanaosema kuhusu heshima ya marehemu wanasema kweli. Lakini tunaona pia kwamba gari la maiti laweza kutangulia na ndugu wanne, na basi la waombolezaji likaondoka saa kumi na moja alfajiri, na watu wakafika Wote au Kitui kabla ya saa nne. Tumeipima njia hiyo katika mazishi mawili ya mwaka huu, na kaburi halikungoja.

Azimio limeandikwa katika ukurasa wa nyuma wa taarifa hii: kwamba Chama kisikodi basi la kusafiri baina ya saa tatu za usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa shughuli yoyote, pamoja na mazishi. Bwana Mwenyekiti, tunaomba wazee waanze kusema, kisha mama zetu, kisha vijana, na kura ipigwe kwa mikono kabla ya chakula, kwa maana wenzetu wa Mutomo na Ikutha wana basi linalowangoja nje, na dereva wake amekwisha kula.